Mchoro wa Ngozi ya Kitunguu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Sijawahi kumwambia mtu: ule mchoro wangu wa ngozi ya kitunguu, uliobandikwa maabara tangu nikiwa kidato cha pili, sikuchora nilichokiona. Siku ile kwenye hadubini niliona kope zangu tu! Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kusema. Nikaenda nyumbani, nikanakili mchoro wa kitabuni. Mwalimu Ambwene akaliambia darasa zima kwamba huyu ana jicho. Tangu hapo naitwa Jicho.

Leo kanichagua. Ijumaa anakuja mgeni, mtafiti kutoka Mbeya. Nitaeleza hadubini inayoonyesha yanayotokea kwenye utando wa seli. Mimi! Mbele ya watu!

Jumatano, 17 Septemba

Nimesoma karatasi alizonipa Mwalimu mara tatu. Seli hai inawekwa juu ya kioo, protini zake zimetiwa rangi inayong'aa. Mwanga wa leza unapigwa kwa mshazari mpaka mwanga wote unarudi ndani ya kioo — ila kiasi kidogo sana kinachungulia upande wa pili. Kinaufikia utando unaogusa kioo, basi. Ndani zaidi ni giza.

Nikajaribu kwa glasi ya maji. Ukitazama kutoka juu, ubavu wake unameta kama fedha, vidole vilivyoshika nje havionekani. Ukibonyeza kidole kilicholowa — mistari yake inatokea! Kinachogusa tu. Mama alikuwa katoka kugeuza kakao juani, akauliza kama nimeanza uganga. Nikamwambia abonyeze. Mistari yake michache, imelika kwa kazi. Akacheka: kumbe bado ipo!

Halafu nikakutana na sentensi moja. Utando ni mwembamba mno, hadubini ya kawaida kama yetu haiwezi kuuonyesha.

Mchoro wangu una utando. Mistari miwili, safi. Na jina langu chini.

Ijumaa, 19 Septemba

Asifiwe, ninayekaa naye dawati moja, anasema ninyamaze. We Jicho, mgeni anakuja kula wali wa Kyela, sio kukagua vitunguu! Labda kweli hataona. Lakini nitasimama chini ya mchoro ule, nikieleza habari za kuona.

Jana nilifika mpaka mlango wa ofisi ya Mwalimu. Alikuwa akinisifu kwa mwenzake. Nikarudi.

Naandika nikiwa maabara. Saa nne kasoro dakika kumi. Nje wanasalimiana na mgeni, namsikia Mwalimu akicheka. Nimepanda stuli, nimebandua mchoro. Chini ya jina langu nimeandika kwa kalamu nyekundu: Huu niliunakili. Nilichoona ni kope zangu. Nimeubandika tena palepale. Kisha nimejaza maji kwenye glasi, nikaifuta ubavuni mpaka ikakauka.