Jiwe la Minza

Jumamosi. Shinyanga. Jua la kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Tangu nirudi makaburini sijatia kitu mdomoni.

Leo nilikwenda kumwekea mke wangu Minza jiwe. Saruji ni ya kibali siku hizi. Mfuko mmoja niliungoja zaidi ya mwaka, nikausafirisha kutoka Geita, nilikohamishiwa kufundisha. Tulipomzika, miaka sita iliyopita, tulisimika msalaba wa mti. Nilijua mchwa watautafuna, basi nikachomeka na kijiti cha mnyaa, mti wa utomvu usioguswa na mchwa, kichwani pa kaburi, kama wanavyofanya watu wote wa huku. Likizo ya kwanza niliporudi, msalaba haukuwepo, ila mnyaa ulikuwa umeshika. Tangu hapo kila likizo napalilia pale, nafagia.

Sikuwahi kujiuliza kama ni mnyaa wangu.

Fundi alimwaga zege, akalisawazisha. Nikachukua msumari, nikaandika jina mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Nilijiona mume wa maana kweli.

Ndipo akaja mama mmoja mzee, jembe begani. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akalitazama zege, akakaa chini.

"Mwalimu, hapa kalala mwanangu Masanja. Mnyaa huu nilipanda mimi. Kila mwaka nakuta pamefagiliwa, nasema asante Mungu, kumbe mwanangu alikuwa na rafiki."

Nilibisha. Nilibisha kwa sauti, naona aibu kuandika. Akanionyesha kaburi la pembeni, magugu matupu, hata kijiti hakuna.

"Mke wa mwalimu yuko pale. Mlimzika siku tatu baada ya wangu, nilikuwepo. Nikajua hana mtu."

Hana mtu.

Zege lilikuwa bado bichi. Nilichukua mwiko wa fundi, nikalifuta jina la Minza, nikaandika Masanja. Fundi akaguna, maana saruji ilikuwa imekwisha. Lakini ningebomoaje mbele ya mama yule? Alikuwa analia, nami nalia. Kisha akanyanyua jembe lake, tukang'oa yale magugu pamoja.

Jiwe litapatikana, hata kama ni baada ya mwaka mwingine. Kinachonikaba ni kingine. Kila likizo nilikuwa nakaa pale namsimulia Minza habari za watoto: wa kwanza kafaulu, mdogo anafanana naye akicheka. Yote hayo kayasikia Masanja.

Kesho narudi makaburini kabla ya kupanda basi la Geita. Minza, nianzie wapi?