Msingi Niliouona Nikanyamaza

Shangazi mpendwa, naomba msaada, maji yamenifika shingoni. Mimi ni mkufunzi wa ujenzi chuoni, miaka kumi na tisa nimewasomea wanafunzi madaftari yaleyale, wananakili, wanafaulu, kisha hata kushika pimamaji hawajui, basi mwaka huu nikafumua somo zima nikasema tutajifunza kwa kujenga, mradi mmoja muhula mzima, vyoo vya shule ya msingi jirani, na kiongozi nikamweka binti mmoja mpole tuliyembandika jina la Injinia kwa jinsi alivyoipenda kazi. Siku wanachimba msingi niliuona haujafika kina, nikanyamaza, maana nilijiaminisha kwamba kwenye mradi mwalimu haingilii, waache wakosee wajifunze, na mvua ya kwanza tu ukuta ukalala chini, bahati watoto walikuwa madarasani. Mkuu wa chuo akatuita kikaoni, akauliza, "Nani alipitisha msingi huu?" nami nikainamia viatu vyangu, Injinia akajibu, "Ni mimi," wenzake wakamzomea kuwa kawaharibia cheti, na tangu siku hiyo haji, simu anapokea mama yake, ananiambia, "Mwalimu, mwanangu keshakata tamaa, mwache." Mkuu ameniamuru nirudie madaftari. Nataka kuacha kazi. Nifanyeje?

*

Mwalimu, pole, ila pole yangu ni fupi kama msingi wako. Kumfundisha mtu kwa mradi si kukunja mikono. Ni kusimama pale shimoni na kuuliza, "Mna uhakika na kina hiki?" kabla ya tofali la kwanza. Neno hilo ulilimeza, na kikaoni ukameza la pili, ambalo ni baya zaidi, ukamtwisha mtoto wa watu kosa lako.

Habari ya kuacha kazi sitaki kuisikia. Ukiondoka leo, uongo unabaki na jina la binti. Kesho asubuhi mpelekee mkuu maelezo kwa maandishi: uliona, ukanyamaza. Adhabu ikija, ipokee. Darasa lililomzomea nalo lisikie kwa kinywa chako. Kisha nenda mwenyewe nyumbani kwa binti, achana na simu. Wakikufungia mlango, sema ukiwa nje. Usimwombe arudi, wala usimlilie akusamehe. Mtue tu mzigo usio wake.

Vile vyoo omba mvijenge upya, safari hii kila hatua uikague na uitie sahihi. Huenda Injinia asirudi kamwe. Litakuuma, mwanangu, na utafundisha hivyohivyo likikuuma.