Koili Iliyopimwa Uchi

Tuwan, Kitale

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku hatujambo. Nyanya yako anaanika mahindi na anauliza kama huko Bungoma unakula vizuri.

Umeniuliza koili ya mashine yako, ile ya kuosha nozeli za injini za dizeli kwa sauti isiyosikika, uizungushie waya mara ngapi ili usiiguse tena. Idadi sina. Nina kisa.

Nikiwa fundi wa redio kijana hapa Kitale, mama mmoja wa Matulo aliniletea redio yake. Kaka yake alikuwa amefia mbali, na siku ya mazishi ingetangazwa redioni. Ndani ya koili yake nilisogeza kijiti cha feraiti, kile cheusi cha kuirekebisha, mpaka sauti ikatoka safi, nikakigandisha kwa nta ya mshumaa. Kisha nikaifunga redio kwenye kasha lake la bati, nikampa bila kuiwasha tena.

Nyumbani kwake ikakoroma tu. Tangazo likampita.

Aliporudi nililifungua kasha mbele yake, redio ikasema vizuri. Nikalifunga, ikakoroma. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe uliipima ikiwa uchi."

Bati lilipoikaribia koili liliibadilisha, na maji na nozeli vitaibadilisha yako vilevile. Kwa hivyo jaza beseni maji, tia nozeli, ndipo usogeze feraiti polepole mpaka maji yatetemeke. Ukibadilisha maji, sogeza tena.

Kijiti cha feraiti nimekutumia kupitia jirani yetu. Mshumaa nimebaki nao.

Ni mimi kuka, babu yako.