Tairi Nne za Baridi

Fordsburg, Johannesburg, 3 Juni 2025

Dada Mayasa,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, na gereji hii ya tairi bila Yasini haifunguki.

Mselem anapanda basi kesho, nimempa tairi nne za pikapu yako. Mtumba wa Ulaya, tairi za baridi, zimechanwachanwa vimistari kama chanuo. Kipimo chetu hapa ni ukucha: ukizama kwenye mpira, tairi bado changa, ukigoma, imezeeka. Kwa hizi umezama kama kwenye andazi. Nikawaza ukungu wa Lushoto na ule utelezi wenu. Eish, nani mwenye mdogo kama mimi?

Mdogo wako,
Yasini

Lushoto, 20 Juni

Mdogo wangu Yasini,

Marahaba. Mama hajambo. Tairi nimezifunga. Asubuhi huku juu, kwenye tope na baridi, zinashika, sikunyimi haki yako. Ila nikifika Mombo kwenye jua, gari inayumba kama imelewa. Jumbe, mpakiaji wangu, anasema breki zinachelewa. Ni tairi, au ni mimi? Nijibu upesi, Jumanne nashuka na kabichi, mzigo mzito.

Dada yako,
Mayasa

Fordsburg, 23 Juni

Dada Mayasa,

Shikamoo. Wote wazima? Mimi nazidi kunawiri. Jana bosi mmoja wa Sandton kakataa gari lake liguswe na mtu mwingine, anamtaka “yule Mtanga”. Nimenunua na koti la ngozi. Nikitaka kuvuka kwenye robot, ndiyo taa za barabarani za huku, nyekundu inawaka yenyewe kwa heshima.

Kuhusu tairi, nimemuuliza Valentin, Mrundi ninayefanya naye kazi. Kacheka, halafu akaacha kucheka. Anasema mpira ule ni laini tangu kiwandani, umetengenezwa kwa nchi za theluji, ukucha haupimi kitu. Baridi yenu si ya kuhitaji tairi hizo, na kwa unyevu tairi ya kawaida yenye meno mazuri inatosha. Kwenye lami ya moto hizi zinalegea, breki inakwenda mbali. Usishuke nazo Mombo.

Mdogo wako,
Yasini

Fordsburg, 25 Juni

Dada, shikamoo. Ujumbe wangu umefunguliwa, naona. Mbona hujibu? Simu inaita tu. Koti sikununua, nilikuwa natania. Andika hata neno moja.

Mdogo wako

Lushoto, 27 Juni

Yasini,

Mimi mzima, nimechubuka mkono tu. Jumanne, mteremko wa mwisho kabla ya Mombo, lori lilikuwa limesimama mbele yangu. Nikakanyaga breki, gari ikaendelea. Nikaipeleka mtaroni. Jumbe alikuwa juu ya kabichi. Mguu wake umevunjika sehemu mbili.

Ujumbe wako niliufungua asubuhi ile, injini inaunguruma. Nikakutana na bosi wa Sandton, nikakutana na koti, nikasema huyu ni Yasini tu, nitamalizia nikirudi. Nimeumalizia hospitali.

Jumbe anaamini niliendesha vibaya. Habari ya tairi sijamwambia. Anakupenda tangu ukiwa mdogo, sikutaka nikuharibie.

Dada yako,
Mayasa

Fordsburg, 27 Juni

Dada,

Hukuendesha vibaya. Tairi nilizichagua mimi, na neno la maana nikaliweka mwisho. Mwambie Jumbe hivyo leo, kisha mpe simu yako. Napiga saa kumi. Akinitukana, usimkatize.

Mdogo wako,
Yasini