Karatasi ya Kaka Inosenti

Oldeani, 3 Machi 1984

Dada Evarista,

Hili sijamwambia mtu, hata padre. Nikianza na salamu nitakosa ujasiri, basi shikamoo yako iko chini. Siku ile hospitalini nilidanganya.

Ulinituma nimpeleke Kaka Inosenti kwa yule daktari mgeni. Uliandika kwamba hali yake ni ya kuzaliwa nayo, ina jina vitabuni, na nyapara akiona cheti atamwacha achambue kahawa mbali na mashine ya kukoboa. Daktari hajui Kiswahili, seuze Kiiraqw. Mkalimani ni mimi, wa kidato cha tatu. Lakini kwenye benchi la nyuma alikaa Clemensi wa darasani kwetu, na Kaka alikuwa ameziba masikio, anayumbayumba. Clemensi akanong'ona, "Blandina, huyo ni wa kwenu?"

Daktari akauliza kama kelele zinamsumbua. Kaka akasema, "Mwambie mashine inanichoma kichwani kama kaa la moto." Nikajibu hapana, hazimsumbui. Ana marafiki? Nikasema wengi. Daktari akaandika kwenye karatasi: mzima, akampa Kaka.

Shikamoo, dada. Baba anakohoa kidogo, sisi wengine hatujambo.

Mdogo wako,
Blandina

Dodoma, 21 Machi 1984

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba anywe chai ya tangawizi, asiende shambani na ukungu huo. Mimi mzima, ila barua yako ilinikalisha kwenye ngazi za bweni la wauguzi mpaka nikaitwa.

Sikugombezi. Nami nilipokuwa darasa la tano nilimtangulia njiani ili nisijulikane ni dada yake.

Daktari anahitaji mtu aliyemwona Inosenti utotoni; mama ni marehemu, na Baba alikuwa shambani kutwa. Nimeyaandika kwa Kiingereza ninayoyakumbuka, karatasi imo humu: hakusema neno mpaka miaka mitano, alipanga maharage mstari mmoja hadi mlangoni, tukiuvuruga analia mpaka anatapika. Daktari atarudi Karatu tarehe tisa Aprili. Nenda useme ulidanganya. Lakini Inosenti umwambie kwanza.

Dada yako,
Evarista

Oldeani, 12 Aprili 1984

Dada,

Shikamoo. Natumaini huko kwema. Kikohozi cha Baba kimepoa.

Nilikwenda. Nilisema kweli yote, kwa Kiingereza, mbele ya benchi zima. Daktari akasoma karatasi yako, akafungua daftari lake. "Mwezi wa pili alikuwa na marafiki wengi. Leo hana hata mmoja. Mnatafuta cheti cha kulinda kazi, siyo?" Nikamsihi amuulize upya. Akasema hali hiyo hupimwa kwa watoto. "Huyu ana ndevu." Akaita mgonjwa mwingine.

Juzi nyapara alimtoa kazini. Kaka bado anadamka alfajiri, anasimama getini na ile karatasi ya kwanza. Hajui kusoma, dada. Anadhani imeandikwa alichonituma niseme, lile kaa la moto. Nyapara aliisoma akacheka: "Bwana, wewe mzima kuliko mimi!"

Kaka sijamwambia kwamba nilidanganya. Mara tatu nimefungua mdomo, ikatoka habari ya mboga. Jana aliniuliza, "Blandi, mbona wanaisoma na hawaelewi?" Leo akirudi anataka nimsomee yote, neno kwa neno, ayashike kichwani, kesho akawaambie mwenyewe.

Namsikia uani. Hatua zake nazijua, ni kumi na mbili kutoka bombani, halafu husimama mlangoni mpaka aitwe. Ya tisa. Barua nitaisukuma chini ya godoro.

Amesimama. Anangoja nimwite