Nimepigia Namba ya Norman

Mbithe uko? Usinicheke.

Nimempigia Norman. Norman bwanangu, yule tulizika mwaka jana. Na simu ikashikwa.

Wacha nianze vizuri. Si unajua boti yake bado imekaa hapa nyuma ya nyumba, Kitisuru. Kuna mtu anataka kuinunua, anakuja kuiona Jumamosi, nikasema nitoe ile rangi kuukuu ya chini ya boti mwenyewe. Nikapaka ile dawa tulitumia kutoa rangi ya geti.

Geti ni ya chuma. Boti ni ya faiba. Hiyo sikufikiria. Kukwangua na kisu, naona rangi inatoka na nyuzi nyeupe. Ni boti yenyewe inatoka, Mbithe.

Nikashika simu nikampigia. Ni mkono tu, kichwa haikuwa hapo. "Norman, hii rangi ya chini huwa unaitoa na nini?"

Halafu sauti ya kijana: "Mathe, mimi si Norman. Hii laini nimenunua juzi tu hapa Waithaka."

Ningekata. Sikukata. Nikamweleza yote, geti, dawa, nyuzi. Na akanisikiliza. Hakuna mtu amenisikiliza hivyo tangu matanga iishe.

Akauliza, "Kwani huyo Norman ako wapi?"

Nikasema ameenda Naivasha.

Mbithe, nilisema hivyo. Ameenda Naivasha, atarudi jioni.

"Basi mngoje, mathe. Usiguse kitu mpaka arudi."

Nimeweka kisu chini. Nimekaa hapa kando ya boti, mikono yote bluu, na sijagusa kitu.