Namba za siri kwenye daftari langu

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Tunduma hatujambo. Babu yako magoti yanamsumbua, lakini malori bado anayagombeza yakipiga honi. Umeniuliza, kwa kuwa sasa wewe ni mkaguzi wa fedha, teknolojia mpya ikija muifungie au muiachie.

Pesa za simu zilipoingia, nilifungua kibanda cha uwakala. Wazee waliotoka kijijini Ndalambo walininong'oneza namba zao za siri, nami nikaziandika kwenye daftari wasije wakazisahau. Niliona ni msaada.

Siku moja akaja mkaguzi wa fedha kama wewe, dada mmoja mpole. Alipoliona lile daftari, nikajua kibanda ndiyo basi tena. Lakini alivuta benchi, akakaa hadi mchana akitazama tu. Kisha akamgeukia mteja mmoja.

"Shikamoo mama. Mbona namba yako unampa mtu?"

"Marahaba. Huyu wakala namjua kwao, mwanangu. Hiyo simu siijui kwao. Na kusoma sijui."

"Noti unazitambuaje?"

"Aa, namba zake nazijua!"

Hapo mkaguzi akaniamuru nichane zile kurasa, nikazichana mbele yake. Akaniambia nimfundishe yule mama kubadilisha namba.

Kanuni za maandishi zilikuja baadaye, na zilikuwa kali. Sikuzilalamikia, maana aliyekuja kwanza alikaa benchini akauliza.

Yule mama alibonyeza polepole, simu kaifunika kwa kanga. Nilipoinama kumsaidia, akanikazia macho: "Wewe nawe, geukia huko."

Nikageuka.

Bibi yako anayekuombea